Mchambuzi anasema si trai, refa wa video anasema trai: nimwamini nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Leeds, nafanya kazi ghalani na vijana wa hapa, na wao ndio walionifundisha kupenda raga yao ya watu 13. Ijumaa jioni tunakaa pamoja mbele ya televisheni. Kinachonichanganya ni wale wachambuzi. Refa anaomba msaada wa refa wa video, marudio yanapita mara sita au saba, uamuzi unatoka, na papo hapo mchambuzi anasema, "Hapana, hiyo si trai, wamekosea." Mimi ni mwana Yanga, na lile bao la Aziz Ki lililokataliwa kule Pretoria bado linaniuma, kwa hiyo najua uamuzi wa video unavyoweza kumkosesha mtu usingizi. Lakini hawa wanalipwa na televisheni, wanaongea mbele ya umma, na picha ni zilezile alizoziona refa. Wana haki ya kufanya hivyo? Na mimi nimwamini nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimepuliza kipenga katika raga ya ridhaa hapa Yorkshire kwa miaka kumi na moja, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili. Nianze na lililo wazi: ndiyo, wana haki, na ningesikitika siku wakizibwa mdomo. Ila ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba mara nyingi mchambuzi na refa wa video hawajibu swali moja. Refa wa video kaulizwa hiki, mchambuzi anajibu kile, na wewe uliye nyumbani unadhani wanabishana.

Kwa wasomaji wengine niseme kwa kifupi: raga tunayoizungumzia si ile ya wachezaji saba wanayotamba nayo Wakenya, wala ile ya wachezaji 15. Ni ile iliyojitenga mwaka 1895, pale vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipokutana hotelini Huddersfield na kuamua kwenda njia yao kwa sababu ya malipo ya wachezaji. Kila timu ina watu 13, na inapewa nafasi sita za kuangushwa ikiwa na mpira kabla ya kuukabidhi kwa wapinzani. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ina pointi 4. Ngome zake ni miji kama Wigan, St Helens, Leeds na Hull, na kule Australia ni Sydney na Brisbane.

Sasa tuingie kwenye kiini. Refa wa uwanjani asipokuwa na uhakika, huchora kisanduku hewani kwa vidole. Wengi wakikiona kisanduku wanadhani amenawa mikono na kumwachia mwenzake kila kitu. Sivyo. Kabla marudio hayajaanza, kwa kawaida refa hutamka uamuzi wake mwenyewe: nina trai, au sina trai. Refa wa video hapewi ukurasa mtupu. Anapewa uamuzi ulioandikwa tayari na kuulizwa: je, katika picha hizi kuna ushahidi wa kutosha kuufuta? Ukiwepo, anaufuta. Usipokuwepo, unabaki ulivyo, hata kama moyoni mwake angeamua vingine.

Chukua mfano. Mshambuliaji amerukia mstari, mabeki watatu wamemlalia. Mpira hauonekani. Kamera ya pembeni inaonyesha mgongo wa beki, ya nyuma ya magoli inaonyesha mguu wa mtu, ya juu inaonyesha lundo la jezi. Refa akisema uwanjani "nina trai", trai itabaki. Akisema "sina trai", tukio hilohilo na picha hizohizo, trai haipo. Majibu mawili yanayopingana, na refa wa video amefanya kazi yake sawasawa katika yote mawili. Mchambuzi hajafungwa na kamba hiyo. Yeye anajiuliza tu, "Mimi naona trai?" Kisha anatoa jibu lake kana kwamba ndilo swali lililokuwa mezani.

Zamani mambo yalikuwa tofauti, na wachambuzi wengi wa leo walicheza enzi hizo. Refa wa video aliruhusiwa kuwapa washambuliaji faida ya shaka: ukishindwa kujua, toa trai. Mtu aliyecheza miaka kumi na tano chini ya kanuni ile bado anaibeba kifuani. Ukimsikia akisema, "Sioni sababu ya kuinyima," ujue ni kanuni ya zamani inazungumza.

Nikusogeze karibu zaidi, kwenye kona. Winga amejirusha kama samaki, mwili uko nje ya uwanja hewani, mkono mmoja unaushusha mpira ndani. Beki amemsukuma, na kidole cha mguu kinakaribia chaki. Swali ni moja: mguu umegusa chaki kabla mpira haujagusa nyasi, au baada? Televisheni ya Uingereza huonyesha picha 50 kwa sekunde. Winga aliye kwenye kasi anakwenda mita 8 kwa sekunde. Piga hesabu: kati ya picha moja na inayofuata amesogea sentimita 16, kiasi cha shubiri ndogo. Kila kitu unachotaka kukijua kinaweza kutokea ndani ya shubiri hiyo, mahali ambapo hakuna picha. Zipo kamera za kasi kubwa zaidi, lakini haziko kila kona ya kila uwanja. Tangu 2024 mechi zote za Super League, ligi kuu ya raga hii hapa Uingereza, zina refa wa video, lakini mechi ya pembeni haina kamera nyingi kama mechi kuu ya Ijumaa. Mchambuzi anayegandisha picha moja na kusema "tazameni, mguu uko hewani" anakuonyesha ukweli wa nukta moja tu ya wakati. Hajakuonyesha kilichotokea baada yake.

Vivyo hivyo na kuuweka mpira chini. Sheria inataka mpira ushindiliwe chini kwa mkono au sehemu ya juu ya mwili. Haitoshi kuugusa na kuupitia. Kushindilia ni uzito, na picha iliyoganda haina uzito. Hapa ndipo ninapowashauri watu watazame tukio kwa kasi yake ya kawaida walau mara mbili kabla ya kupunguza mwendo. Mwendo wa polepole ni mzuri kwa kuona mguu na chaki, kwa mambo ya ndiyo na hapana. Kwa kupima nia ya mtu ni hatari. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha watu video za matukio ya ukatili, likiwemo la mchezaji kumvamia mwenzake katika futiboli ya kwao. Waliotazama kwa mwendo wa polepole waliona kwamba mtendaji alikusudia zaidi kuliko walivyoona waliotazama kwa kasi halisi. Kumbuka hilo kila unapoonyeshwa mara ya nne mkono wa beki ukipanda taratibu kuelekea shingo ya mtu, huku mchambuzi akisema, "Alikuwa na muda wa kutosha." Muda huo ameuongeza fundi wa marudio. Beki hakuwa nao.

Kuna jambo jingine linalowatia wachambuzi makosani karibu kila wiki, nalo ni pasi ya mbele. Refa wa video katika mchezo huu harudi nyuma kuamua pasi ya mbele. Hilo ni la refa wa uwanjani na wasaidizi wake. Mtazamaji anaona trai imetolewa, anaona marudio ya pasi iliyokwenda mbele kwa mita mbili, anasikia mchambuzi akipiga kelele, na anahitimisha kwamba refa wa video ni kipofu. Hakuulizwa. Na sababu ya kutoulizwa ni ya maana. Ukiwa juu ya lori linalokimbia ukatupa embe kuelekea nyuma kidogo, embe halirudi nyuma ya mti uliokuwa mkabala nawe. Linaendelea kwenda na lori kwa muda. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde akitupa mpira nyuma kwa mita 3 kwa sekunde, mpira bado unasonga mbele mita 5 kila sekunde ukiupima na nyasi. Ukikaa hewani nusu sekunde, umekwenda mbele mita mbili na nusu, na pasi ni halali kabisa, kwa sababu sheria inapima jinsi mpira ulivyotoka mikononi. Ile mistari wanayochora kwenye skrini inapima nyasi. Mtu aliyecheza mchezo huu utotoni anajua jambo hili mwilini mwake, na bado anachora mstari. Hapo sina subira nao.

Mfano mkubwa wa swali kuwa muhimu kuliko picha ni fainali ya Australia ya 1999, Melbourne Storm dhidi ya St George Illawarra, mbele ya watu zaidi ya laki moja mjini Sydney. Dakika za mwisho Brett Kimmorley anapiga mpira juu kuelekea pembeni, winga Craig Smith anaudaka akiwa angani nyuma ya mstari, na Jamie Ainscough anamgonga kichwani. Smith anapoteza fahamu, mpira unamtoka. Ungeuliza "aliuweka chini?" jibu ni hapana, na mtoto mdogo anaona. Lakini Bill Harrigan, refa wa siku ile, na mwenzake wa video walikuwa na swali jingine: asingechezewa vibaya, angefunga? Wakatoa trai ya adhabu, Melbourne wakaongeza pointi mbili za teke, wakashinda 20 kwa 18. Ukibadilisha swali, ubingwa unahama mji.

Nisikupe picha kwamba wachambuzi hukosea kila mara. Kuna eneo ambalo nawapa haki yao kikamilifu: kuzuia njia. Mshambuliaji wa chambo anakimbia bila mpira mbele ya beki, wanagusana, mpira unapita nyuma yake, trai inafungwa. Je, beki alizuiwa, au alikosea mwenyewe na sasa anajiangusha apate huruma ya refa? Kwa miaka Waaustralia wameyumba kati ya kanuni kavu, ukigusa kifua au bega la nje la beki basi, na kumwachia refa apime kama beki angefika. Kanuni kavu inafuta trai safi ambazo hakuna beki angezizuia. Kupima kunazaa maamuzi mawili tofauti wikiendi moja. Hapa mchambuzi aliyewahi kuwa beki anajua kitu ambacho kamera haikijui: kama mtu yule alikuwa amekwisha kugeuza nyonga kwenda upande mwingine. Sauti yake ina thamani, na ningependa marefa waisikilize.

Au chukua State of Origin, mapambano ya majimbo mawili ya Australia, ya 2012 kule Melbourne. Greg Inglis wa Queensland anafika mstarini, mpira unamtoka mkononi wakati Robbie Farah wa New South Wales akiurushia mguu, kisha Inglis anaufikia tena chini. Refa wa video akahesabu kwamba mguu wa Farah uliucheza mpira, akatoa trai. Queensland walishinda 18 kwa 10. Wachambuzi waliipinga usiku ule na wiki zilizofuata. Nimeitazama mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na naona walikuwa na hoja: mpira ulikwisha kuanza kumtoka. Lakini ona walivyojenga hoja yao. Waliuliza kipi kilitangulia, wakaonyesha, watu wakaamua.

Umesema wanalipwa na televisheni, na hilo lina uzito. Refa wa video ni mtoto wa televisheni. Super League ilizaliwa 1996 kwa fedha za Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, pauni milioni 87 kwa miaka mitano, na refa wa video akaja mwaka huohuo pamoja na kamera za televisheni ya Sky. Palipokuwa hapana kamera, hapakuwa na refa wa video. Kwa miaka mingi alikaa katika gari la matangazo, akitazama picha alizoletewa na watu wa televisheni. Zile dakika mbili za kusubiri ni ukimya ambao mtu lazima aujaze, na tangu enzi za watangazaji Eddie Hemmings na Mike Stephenson, yule Stevo aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1972, zimejazwa kwa ubishi. Kizazi kizima cha kaskazini kimekua kikiamini kwamba kumpinga refa wa video ni sehemu ya mechi, kama wimbo wa kibwagizo. Australia walijaribu kumtenga kidogo: tangu 2016 maamuzi ya mechi zote yanatolewa kutoka chumba kimoja Sydney kinachoitwa Bunker, chenye skrini nyingi na pembe kadhaa zinazokwenda pamoja. Ubishi haukupungua.

Kitu kimoja kinaupa ubishi wa raga heshima kuliko ule wa soka: unamsikia refa wa video akifikiri. Anasema moja kwa moja hewani, "nipe pembe ya nyuma, simamisha, mkono uko juu ya mpira, endelea." Bao la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham, Septemba 2023, lilipokataliwa kimakosa, watazamaji walikaa siku kadhaa kabla ya kusikia mazungumzo ya VAR, yaani refa wa video wa soka. Huku usingesubiri hata dakika. Mchambuzi anaweza kushika neno maalumu alilosema refa na kulihoji. Asipofanya hivyo, ilhali sauti kaisikia, amekuwa mvivu.

Tena kuna sababu ya makocha. Kocha akimshambulia refa baada ya mechi anaweza kupigwa faini. Ricky Stuart wa Canberra amezilipa zaidi ya mara moja. Mchambuzi hayuko chini ya kanuni hizo kwa namna ileile, kwa hiyo anakuwa mdomo wa chumba cha kubadilishia nguo. Wakati mwingine ni mdomo wenye maslahi: Phil Gould, mmoja wa wakosoaji wakali wa marefa kwenye runinga ya Australia, ni kiongozi wa masuala ya raga katika klabu ya Canterbury wakati huohuo. Sisemi hasemi kweli. Nasema mtazamaji ana haki ya kukumbushwa anakokaa mchana.

Mpaka ambao siwavumilii wakiuvuka ni wa kutoka kwenye uamuzi na kumwendea mtu. Novemba 2017, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Auckland. Uingereza wanaongoza 20 kwa 0, Tonga wanaamka dakika za mwisho na kufikia 18. Mpira wa mwisho, Andrew Fifita anajitupa kuelekea mstarini, Elliott Whitehead anamshika kwa nyuma, mpira unatoka. Refa Matt Cecchin akaamua ameuangusha mbele, na hakuchora kisanduku. Lawama ya kutotazama video ilikuwa halali kuijadili. Watu wa Tonga waliingia barabarani kwa maelfu, na sikushangaa. Mwaka uliofuata Cecchin alisema hadharani kwamba alitishiwa kuuawa, na kwamba anataka kuacha kazi ile.

Mimi sijawahi kutishiwa hivyo. Ila nakumbuka mechi ya watoto wa miaka 13, mvua ya Februari, nilikataa trai kwenye kona. Mzazi mmoja alinifuata hadi mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, simu mkononi, ameigandisha picha na kuikuza mpaka imekuwa vidoti. "Ona! Ona!" Maneno aliyoyatumia yalikuwa yaleyale ya runinga ya Ijumaa iliyopita, neno kwa neno. Mshika kibendera wangu siku hiyo alikuwa binti wa miaka 16, mechi yake ya tatu. Hakurudi tena.

Kuhusu nani wa kumwamini: Ijumaa, kabla hujaangalia mpira, msikilize refa anapotamka uamuzi wake, kisha uutaje kwa sauti ili wenzako wausikie. "Amesema ni trai." Marudio yakipita, usijiulize kama ni trai; jiulize kama umeona kitu cha kuifuta. Halafu msikilize mchambuzi. Akianza na uamuzi wa uwanjani, akaonyesha picha mbili za wakati mmoja na kusema kipi kilitangulia, mpe sikio lako lote, hata akiwa peke yake. Akianza na mstari wa pasi, endelea na chai yako.

Na lile la Pretoria, Aprili 2024. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba na kudunda chini, refa uwanjani hakutoa bao, mchezo ukaendelea. Kwa hiyo VAR hakuulizwa kama Yanga walistahili, wala kama ilionekana kama bao. Aliulizwa kama kuna picha inayoonyesha mpira mzima ukiwa umeuvuka mstari mzima. Ukiitazama tena, itazame ukiwa na swali hilo mkononi, kisha uniandikie ulichoona.